Mjomba Aliyemchimbia Mpwa Shimo

Ngoma ilikuwa imekolea. Uwanjani ulitandikwa mkeka mpya, na chini ya mkeka kulikuwa na shimo lililosimikwa mikuki. Mfalme Nkongolo Mwamba alikuwa amemwita mpwa wake aje kucheza mbele ya watu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemfikia kijana yule kwa kucheza. Aliyeijua siri hakuthubutu kuitamka kwa mdomo. Onyo likapita kwenye ngoma. Kalala Ilunga akayasikia maneno ndani ya mapigo, akauchoma mkeka kwa mkuki wake, akaliona shimo. Akaruka juu ya vichwa vya watu na kukimbia bila kugeuka nyuma hadi alipouvuka mto Lualaba.

Ndivyo Waluba wa Katanga wanavyosimulia mwanzo wa ufalme wao. Simulizi hiyo ina matoleo mengi, na kila msimulizi huongeza au kupunguza, lakini mhimili wake haubadiliki: mjomba mkatili, mpwa hodari, shimo, safari ya kwenda ng'ambo na kurudi na jeshi. Mwishoni Nkongolo anakamatwa na kukatwa kichwa, na mpwa anatawala.

Anayeisikia kwa mara ya kwanza huona ubaya umeshindwa na wema umetawazwa. Wazee walioitunza hawakuishia hapo. Walimweka Nkongolo katika simulizi ili kila mfalme aliyefuata ajitazame ndani yake, kama mtu anayejitazama kwenye maji ya mtungi asubuhi kabla ya kutoka nje. Kazi hiyo ya mhusika mwovu, ya kuwa kioo cha shujaa anayeweza kuanguka, ni ya zamani sana duniani, na Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga huko Kongo, ni mahali pazuri pa kuichunguza. Ni mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukajaa Waluba, Walunda, Wabemba, Wasanga na Wayeke walioitwa na migodi ya shaba. Katika miaka mia na zaidi ya uhai wake umeshuhudia tanzia za kweli ambazo waandishi wa miji mingine hulazimika kuzitunga.

Damu moja

Nkongolo wa masimulizi ni mtu mwekundu, mlevi, mwenye hasira isiyo na breki. Aliwaoa dada zake mwenyewe. Alikata watu pua na masikio. Siku moja, katika mchezo wa mpira ambao kijana Kalala alimshinda, mama yake Nkongolo alicheka; mwana akaamuru azikwe angali hai. Ni vigumu kumtetea mtu wa namna hiyo, na masimulizi hayajaribu.

Lakini msikilizaji makini atauliza: nani aliunganisha vijiji vile kabla ya shujaa kuzaliwa? Ni Nkongolo. Yeye ndiye aliyetangulia kukusanya watu chini ya mamlaka moja. Alipofika kwake mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu mweusi mwenye adabu za kifalme, Nkongolo alimpokea na kujifunza kwake. Mgeni alimfundisha kwamba mfalme hali mbele ya watu, hajichanganyi ovyo, hucheka kwa kiasi. Mbidi Kiluwe akazaa na dada yake Nkongolo, Bulanda, kisha akarudi kwao. Mtoto wa Bulanda ndiye Kalala Ilunga.

Kwa hiyo shujaa ni mpwa wa mwovu. Damu ya Nkongolo inatembea mwilini mwake kupitia kwa mama. Isitoshe, kabla ya kukimbia, alimtumikia mjomba kwa uaminifu. Kalala ni cheo cha kivita, cheo cha anayeongoza jeshi, na kijana alikipata kwa kuteka nchi kwa niaba ya mtu yule yule aliyekuja kumchimbia shimo. Mikono ya shujaa ilishiriki kuijenga himaya ya mwovu. Hapo ndipo simulizi inapokuwa nzito.

Chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu wa Waluba, walisoma historia hii kwa vidole juu ya lukasa, kibao cha mbao kilichopachikwa shanga na simbi. Wataalamu walioishi na kuandika juu ya utamaduni huo wameeleza jambo moja linaloshangaza mgeni: Waluba hawakumfuta Nkongolo. Mfalme mpya alipitishwa katika matambiko yaliyomkumbusha mwovu wa mwanzo kabla ya kupewa heshima za Mbidi Kiluwe. Mtaalamu wa Ubelgiji, Luc de Heusch, aliandika kitabu kizima juu ya mfalme mlevi huyo, kilichotoka mwaka 1972. Naye V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alirudi mara kwa mara kwenye masimulizi haya ili kuonyesha jinsi Waafrika walivyofikiri juu ya mamlaka kabla ya kuja shule za wamisionari.

Mfalme wa Kiluba, basi, aliketi akijua kwamba ana wazazi wawili wa kifalme. Mmoja alimpa adabu. Mwingine alimpa nguvu, na nguvu hiyo ilikuwa imeshaonekana mahali inapoweza kufika ikikosa adabu.

Cheo cha msaliti

Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu hoja hii kutoka upande mwingine wa dunia. Julius Nyerere aliitafsiri Juliasi Kaizari ya Shakespeare mwaka 1963, na S. S. Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968. Makbeth ndiyo tanzia inayofunza vizuri zaidi jinsi mwovu anavyomwakisi shujaa, na somo linaanza kabla shujaa hajafanya kosa lolote.

Mwanzoni mwa mchezo yupo mkuu mmoja wa Scotland, wa Cawdor, ambaye amemsaliti mfalme Duncan na kujiunga na adui. Anahukumiwa kifo. Jukwaani hatumwoni, tunasikia habari zake tu. Cheo chake anapewa Makbeth, askari aliyepigana kwa ushujaa siku ile. Mfalme anasikitika kwamba alimwamini sana msaliti yule, na wakati maneno hayo yangali hewani, Makbeth anaingia. Mtazamaji anaona kabla ya mfalme: joho la msaliti limepata mwili mwingine.

Yupo pia Banquo, rafiki aliyesikia utabiri ule ule wa wachawi siku ile ile. Yeye hakumwaga damu ya mfalme. Kwa kumweka kando ya Makbeth, mwandishi anafunga mlango wa visingizio. Hakuna atakayesema kwamba utabiri ulimlazimisha shujaa, maana masikio mawili yaliusikia na mkono mmoja tu uliua.

Katika tanzia, shujaa haanguki kama nazi. Hushuka ngazi, na kila ngazi huwa na sababu inayoonekana njema anapoikanyaga. Kwa kuwa yeye mwenyewe hana macho ya kuona anakokwenda, msimulizi humweka mtu mwingine chini ya ngazi ile ile. Mtu huyo ndiye tunayemwita mwovu. Anapokuwa mbali sana na shujaa, mwovu ni wa kutisha watoto. Anapokuwa ndugu, mwenzake wa jeshini, au mtu anayesema maneno yale yale juu ya nchi na heshima, mtazamaji huanza kuhangaika kwenye kiti.

Waswahili husema nyani haoni kundule. Mwovu wa tanzia ndiye nyani wa pili, aliyewekwa mbele ili wa kwanza aone.

Kichwa juu ya mti

Bunkeya iko kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Huko, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Ngelengwa Mwenda, ambaye historia inamwita Msiri, alijenga makao ya ufalme wa Garenganze. Asili yake ilikuwa Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Alikuja kwa biashara ya shaba, kama baba yake Kalasa kabla yake, akapokewa na machifu wa nchi kama mgeni. Alikuwa na akili ya biashara na moyo wa vita. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilitoka kwake kwenda pwani zote mbili, Angola upande mmoja na Bahari ya Hindi upande mwingine. Bunduki na baruti vikarudi. Pamoja na misafara hiyo, Kiswahili nacho kilizidi kusikika Katanga.

Msiri ana kila kitu anachohitaji shujaa wa tanzia. Alipanda kutoka ugeni hadi ufalme. Alijua kuwachezea wakubwa wa dunia: wajumbe wa Waingereza na wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walimfikia, naye akakataa kuwapa nchi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wale waliompokea waligeuka kuwa watu wa kutoa kodi na watoto. Wageni waliofika Bunkeya waliandika juu ya mafuvu yaliyopachikwa kwenye miti ya boma. Kufikia mwaka 1891 Wasanga walikuwa wamemwasi, na njaa ilikuwa imeingia.

Desemba ya mwaka huo ulifika msafara wa William Stairs, uliotumwa na watu wa Leopold, wenye mamia ya wapagazi na askari ambao wengi wao walitoka Zanzibar na pwani. Walikuja na bendera, na walikuja pia na hoja: kwamba mfalme huyu ni katili, kwamba mafuvu yale ni ushahidi, kwamba nchi inahitaji kuokolewa. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akafa. Bodson naye alipigwa risasi na mtu wa Msiri aliyeitwa Masuka, akafa kwa jeraha hilo.

Joseph Moloney, daktari wa msafara, ameandika kilichofuata. Kichwa cha Msiri kilikatwa, kikainuliwa juu ya mti ili watu wake wakione.

Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kuandika hivyo. Wahakiki wangesema amezidisha. Watu waliokuja kuondoa mafuvu kwenye miti walianza utawala wao kwa kuweka kichwa juu ya mti. Kioo kilifanya kazi pande mbili. Msiri aliona katika wageni wale njaa ya nchi aliyokuwa nayo yeye alipoingia kama mgeni miaka mingi kabla. Wao, kama wangetaka kutazama, wangeona katika boma la Bunkeya picha ya kile ambacho Dola Huru ya Kongo ya Leopold ingekuwa: nchi inayotawaliwa kwa kodi ya pembe na mpira, na kwa viungo vya watu vilivyokatwa. Wayeke, watu wa Msiri, huikumbuka tarehe 20 Desemba hadi leo. Wanamkumbuka kama mfalme aliyekataa kuuza nchi, na wana haki. Wajukuu wa Wasanga nao wana yao ya kusema.

Ndege mbili

Jengo la 30 Juin, katikati ya Lubumbashi, lilijengwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa tamthilia wa mji. Baadaye wanasiasa walikaa mahali pa waigizaji, na ukumbi ukawa bunge. Mji huu umezoea kuona siasa ikipandishwa jukwaani.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikataa. Kwake Kongo ilikuwa moja, na shaba ya Katanga ilikuwa ya Wakongo wote. Kilichotokea baadaye kinajulikana: Lumumba aliondolewa na Rais Kasa-Vubu tarehe 5 Septemba, akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 akaletwa kwa ndege Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa wakiwa angani. Walipigwa tena katika nyumba mjini humo iliyoitwa ya Brouwez. Usiku huo huo walipigwa risasi porini, mbele ya maofisa wa Ubelgiji na viongozi wa Katanga. Miongoni mwa viongozi hao alikuwamo Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, mtu wa ukoo wa Msiri.

Hadithi ya shujaa na mwovu imekamilika hapo kwa wengi, na hukumu yake ni ya haki. Aliyeuawa akiwa amefungwa mikono hawezi kuwekwa sawa na waliomuua. Lakini tanzia inadai jambo gumu zaidi, na Katanga inalijua kwa kuwa Waluba walilipia.

Agosti 1960, Kasai Kusini nayo ilipojitenga chini ya Albert Kalonji, serikali ya Lumumba ilituma jeshi la taifa. Huko Bakwanga, mji unaoitwa Mbuji-Mayi leo, askari waliwaua raia wengi wa Kiluba. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alilaani mauaji hayo kwa maneno makali. Miezi hiyo hiyo, kaskazini mwa Katanga, askari wa Tshombe walikuwa wakichoma vijiji vya Waluba waliokataa kujitenga, watu wa chama cha Balubakat kilichoongozwa na Jason Sendwe. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale pale Elisabethville.

Mmoja alipigania umoja, mwingine alipigania kujitenga. Mwanakijiji wa Kiluba aliyekuwa Bakwanga na binamu yake aliyekuwa Manono, kaskazini mwa Katanga, waliona moshi ule ule. Hapo Tshombe anakuwa kioo cha Lumumba, katika mahali pale ambapo wapenzi wa Lumumba hawapendi kutazama. Lumumba alikuwa madarakani kwa muda usiofika miezi mitatu. Hakuna ajuaye angefika wapi kwenye ngazi ile, ila ngazi ya kwanza alikuwa amekwisha kuikanyaga, na sababu yake ilionekana njema.

Tshombe naye alipata kujiona. Kujitenga kwa Katanga kulivunjwa Januari 1963, akaenda uhamishoni Hispania. Mwaka 1964 aliitwa kurudi, na Julai akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, nchi ile ile aliyoigawanya. Mtu aliyepigana na jeshi la serikali kuu sasa ndiye aliyelituma, pamoja na mamluki wa Kizungu, kwenda kuwazima waasi wa Simba mashariki kwa jina la umoja wa taifa. Mwaka uliofuata aliondolewa na Kasa-Vubu, kisha mkuu wa jeshi, Mobutu, akatwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Machi 1967 Tshombe alihukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani. Tarehe 30 Juni 1967, sikukuu ya uhuru wa Kongo, ndege aliyopanda ilitekwa angani na kupelekwa Algiers. Alikufa huko akiwa kizuizini, tarehe 29 Juni 1969.

Ndege ya kwanza ilimpeleka Lumumba kwa adui zake. Ya pili ilimchukua Tshombe mwenyewe.

Firigisi ya kuku

Wasanii wa Lubumbashi hawakusubiri maprofesa wawaeleze maana ya mambo haya. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na kujifunza kazi bila shule ya sanaa, alichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha zipatazo mia moja. Ilikuwa miaka ya 1973 na 1974, na aliyezikusanya ni Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini hapo. Tshibumba alikuwa akimweleza kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Alijiita mwanahistoria, na alitaka anayetazama afikiri. Lumumba wake anafanana na Yesu, na kifo chake kimewekewa misalaba mitatu, mmoja kwa kila aliyeuawa. Picha nyingi za mfululizo huo ziko Amsterdam leo. Mchoraji mwenyewe hakusikika tena baada ya mwanzo wa miaka ya 1980.

Kundi la Mufwankolo lilifuata njia nyingine. Waigizaji hao, waliopendwa redioni na kwenye televisheni kwa miongo, hawakuandika mchezo kwenye karatasi. Walikubaliana mkondo wake, kisha kila mtu akatafuta maneno yake kwa Kiswahili cha mitaani kwao. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo kutokana na usemi unaohusu firigisi ya kuku, kipande ambacho hakigawanywi mezani bali hupewa mkubwa mmoja: madaraka, kama firigisi, huliwa mazima. Mchezo ulihusu kijiji, chifu wake na watu wanaomzunguka, na ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni. Enzi hiyo Mobutu alikuwa na zaidi ya miaka 20 madarakani, na hakuna mtazamaji wa mitaa ya Katuba au Kamalondo aliyehitaji kuelezwa firigisi ni nini.

Usemi huo unaeleza kwa nini mwovu na shujaa wanakaribiana hivyo katika masimulizi ya Katanga. Kama madaraka yangegawanywa, anayemfukuza mkatili angekuta sahani yenye vipande vingi na walaji wengi. Yakiwa mazima, anakuta kiti kile kile, sahani ile ile, watu wale wale wanaomsifu mlaji. Makbeth alipewa joho la Cawdor. Kalala Ilunga alipewa himaya aliyoianzisha Nkongolo.

Nje ya Kongo, Aimé Césaire wa Martinique aliandika tamthilia juu ya Lumumba, iliyotoka mwaka 1966, na ndani yake akamweka Mokutu, mhusika ambaye jina lake halifichi alikotoka. Mokutu anaanza kama rafiki. Anamaliza kwa kumtukuza Lumumba baada ya kumsaliti. Mwaka huo huo wa 1966 Mobutu wa kweli alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, ingawa ndiye aliyekuwa amemkamata. Mwovu alijipaka sifa za shujaa, na kwa miaka mingi watu wengi wakashindwa kuona tofauti.

Tarehe 17 Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila, mwana wa Katanga ambaye maisha yake yote alidai kufuata nyayo za Lumumba, alijitangaza rais akiwa Lubumbashi. Watu waliingia barabarani kwa furaha. Mobutu alikuwa amekimbia, na mji ulikuwa na kumbukumbu nzito juu yake, ikiwemo ile ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa na kuuawa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kabla mwaka haujaisha, rais mpya alikuwa amesimamisha shughuli za vyama vya siasa na anatawala kwa amri. Aliuawa na mlinzi wake tarehe 16 Januari 2001, siku moja kabla ya kutimia miaka 40 tangu Lumumba auawe. Wanaomkumbuka kama mkombozi hawakosei, na wanaokumbuka magereza yake hawakosei pia.

Kioo kisifunikwe

Kuna tabia inayoenea katika tamthilia za shule, filamu na hotuba za sikukuu: shujaa anaoshwa hadi anang'aa, na mwovu anapakwa masizi hadi hana uso. Inaeleweka. Taifa lililoumizwa linahitaji watu wa kujivunia. Lakini mtoto anayefundishwa kwamba wabaya ni watu wa namna nyingine kabisa, hatashtuka siku atakapojiona akifanya kama wao. Atafikiri ubaya una rangi nyekundu na hulewa hadharani kama Nkongolo. Hataujua ukimjia na bendera na wimbo wa taifa.

Waandishi na waigizaji wa Lubumbashi wana urithi ambao wengine wanautafuta vitabuni. Wanaomwigiza Lumumba wamwigize pamoja na Bakwanga. Wanaomwigiza Tshombe wampe sauti ya mtu anayeamini anachosema, maana ndivyo alivyokuwa, na hatari yake ilikuwa hapo. Wanaosimulia habari za Msiri wawape Wasanga nafasi uwanjani. Walimu wanaofundisha Makbeth katika madarasa ya Kiswahili waanze na yule mtu wa Cawdor asiyeonekana, kisha waulize darasa ni nani jirani yao aliyepewa cheo chenye historia. Hakuna shujaa atakayepungua kwa kufanyiwa hivyo. Kalala Ilunga ameishi vinywani mwa watu karne nyingi huku mjomba wake akiwa amesimama kando yake.

Juni 2022, jeneza lililobeba jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji na kupitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya maziko ya tarehe 30 Juni mjini Kinshasa. Shilatembo kuna kumbukumbu yake. Katikati ya Lubumbashi, kwenye uwanja wa Posta, imesimama sanamu ya Tshombe. Kutoka moja hadi nyingine, ukishika njia ya kuelekea Likasi, ni safari ya gari isiyomaliza asubuhi.